Watoto Si Samaki

Mwanangu, vuta kiti uketi. Chai iko tayari. Simu ilaze kifudifudi, haitakimbia. Najua una haraka. Ninyi vijana mnakunywa chai mmesimama, kama mnaongoja matatu. Lakini leo nina neno, na neno lenyewe halisemeki mtu akiwa na mguu mmoja mlangoni.

Nimeona umeifuta ile picha. Ile ya Ruth Chepngetich akikata utepe kule Chicago, uliyoiweka kwenye simu yako Oktoba 2024. Naikumbuka Jumapili ile jioni. Uliingia jikoni kwa kishindo ukipaza sauti: saa 2, dakika 9, sekunde 56! Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kumaliza marathoni chini ya saa 2 na dakika 10. Ulininyanyua kitini, mimi na miaka yangu hii na magoti yangu haya. Mwaka mmoja baadaye tukasikia pamoja redioni kwamba amefungiwa miaka 3 kwa dawa iliyopigwa marufuku. Hukusema kitu. Ulichukua panga ukaenda kukata nyasi za ng'ombe, na nyasi zenyewe tulikuwa tumeshazikata asubuhi.

Sikukufuata. Nilijua unachokikata si nyasi.

Sasa miezi imepita, na jana nimekusikia ukimwambia mpwa wako: "Wote ni wezi tu. Hakuna anayekimbia safi." Hapo ndipo nilipoona nikuite. Si kwa ajili ya picha. Picha ni yako, ifute ukitaka. Nimekuita kwa ajili ya hilo neno "wote". Nililitumia mimi kabla yako, na kuna mtoto lilimuumiza.

Shujaa wangu mimi alikuwa Asbel Kiprop. Wewe ulikuwa hujaanza shule. Mrefu, mwembamba, miguu kama ya korongo, kijana wa huku huku kwetu Uasin Gishu. Agosti 2008 alikuwa na miaka 19, akaingia fainali ya mita 1500 ya Olimpiki ya Beijing. Tulijazana kwenye hoteli ya pale senta. Televisheni ilikuwa moja, ndogo, juu ya rafu ya soda, na mwenye hoteli alikuwa hataki mtu akae bila kuagiza. Mimi niliagiza chai tatu. Kijana wetu akamaliza wa pili, nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Tulitoka kimya kama watu waliotoka matangani.

Mwaka uliofuata, sampuli za Beijing zikapimwa upya. Ramzi akakutwa na CERA, dawa ya kuongeza damu, ya ukoo mmoja na EPO. Akavuliwa medali, na dhahabu ikamshukia kijana wetu.

Mwanangu, nilifurahi kuliko siku ya mshahara. Nilikuwa mwalimu wa darasa la saba, tena mwalimu wa michezo. Asubuhi nilichukua chaki nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: HAKI HUCHELEWA LAKINI HUFIKA. Nikawasimulia watoto habari ya mdanganyifu aliyekamatwa na kijana mwaminifu aliyengoja. Nilisimulia mwaka ule, na uliofuata, na uliofuata tena. Ikawa kama wimbo. Mimi nikianza, wao wananimalizia.

Nikapata kalenda yenye picha yake. Mwaka ulipoisha niliikata ile picha, nikaipigilia sebuleni juu ya redio. Mama yako aliniuliza mbona picha ya harusi yetu iko chumbani na ya mwanariadha iko sebuleni. Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba sebuleni ndiko wageni wanakokaa.

Na kijana alinilipa imani yangu kwa riba. Bingwa wa dunia Daegu, 2011. Bingwa wa dunia tena Moscow, 2013. Katikati yake, London 2012, aliumia akamaliza fainali wa mwisho kabisa, nami nikazidi kumpenda. Julai 2015 alikimbia Monaco kwa dakika 3, sekunde 26 na nukta 69. Alibakiza chini ya sekunde moja kuifikia rekodi ya dunia. Mwezi uliofuata akarudi Beijing, uwanja ule ule wa 2008. Walipoingia mzunguko wa mwisho alikuwa nyuma kule, nami nikashika kichwa. Kisha ile miguu ya korongo ikafunguka. Akawapita kwa upande wa nje, mmoja baada ya mwingine, mpaka hakukuwa na wa kupita. Siku ile nilikubusu utosini, na wewe ulikuwa unalia kwa sababu ya kelele zangu.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikukuambia. Katika mashindano hayo hayo ya 2015, Wakenya wawili walisimamishwa kwa pufya, yaani dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Redio ilisema waziwazi. Nilisikia. Nikapunguza sauti, nikaja kuiongeza ilipofika habari ya dhahabu zetu 7. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Watu husema tulidanganywa. Mimi sikudanganywa nikiwa usingizini, mwanangu. Nilikuwa macho, nikaziba masikio.

Kosa la pili lilikuwa na rafiki yangu mwenye bucha. Siku moja alikuwa akinipimia nyama, nusu kilo, nami namhubiria Kiprop wangu kama kawaida. Akasema bila hata kuinua kichwa: "Mwalimu, hata huyo ni mtu." Maneno matano. Niliona ana wivu. Nikalipa, nikaondoka, nikahamia bucha nyingine iliyoko mbali, yenye nyama ngumu, kwa miezi minne. Mtu mzima na akili zangu, nilimnunia rafiki wa miaka 20 kwa ajili ya mtu ambaye hata sikuwahi kumpa mkono.

Ninataka ujue kwa nini habari yenyewe, ilipokuja, ilinipiga mahali pabaya.

Unamkumbuka shangazi yako? Figo zake zilipokufa, tulikuwa tunampeleka kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Lakini kusafishwa peke yake hakutoshi. Figo ndizo zinazotoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembechembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Figo zikilala, amri haitoki, damu inapungua, na mgonjwa anafifia kama taa inayoishiwa mafuta. Ndipo anachomwa homoni hiyo hiyo iliyotengenezwa kiwandani. Jina lake ni EPO.

Dawa ile inataka baridi. Niliitoa duka la dawa mjini Eldoret ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, nimeipakata kwenye matatu kama mtu aliyebeba mayai. Sindano yenyewe ndogo tu, inatoshea kiganjani. Kuna wiki ambazo pesa zilikosekana, na wiki hizo shangazi yako alikuwa akishika ukuta ndipo afike chooni. Dawa ikipatikana, baada ya majuma kadhaa alikuwa anafika hadi jikoni, anakaa kwenye kigoda, anamenya viazi. Kumenya viazi, mwanangu, ndiyo ilikuwa medali yake. Alitutoka 2016.

Mei 2018 nilikuwa nimekaa hapa hapa. Redio ikasema: Asbel Kiprop, sampuli iliyochukuliwa Iten Novemba 2017, EPO.

Chai ilipoa mpaka ikafanya utando juu.

Nitakupa habari nzima, usije ukaijazia mwenyewe. Kiprop alikana. Alisema waliokuja kumpima walimwomba pesa, na kwamba sampuli ilichezewa. Na kweli, wakubwa wa kupambana na pufya katika riadha walikiri kwamba aliarifiwa mapema juu ya kipimo kile, kinyume cha utaratibu. Baraza la nidhamu lilisikiliza yote hayo, likaona hayafuti kilichokutwa, na Aprili 2019 akafungiwa miaka 4. Dhahabu zake za zamani hazikuguswa, kwa kuwa kosa lililothibitishwa ni hilo la 2017.

Lakini wewe unajua jinsi moyo unavyofanya. Tone la mafuta taa likianguka kwenye maziwa ya leo, unaanza kuhisi harufu hata kwenye ya jana, na ya jana ulishayanywa. Nililala nikizikimbia upya zile mbio zote kichwani. Daegu, Moscow, Monaco, Beijing. Kila nilipofika kwenye mzunguko wa mwisho, nilimwona shangazi yako ameshika ukuta.

Unadhani nilingoja baraza? Sikungoja. Wiki ya kwanza nilimtetea. Nilisimama pale kituo cha bodaboda nikapiga kelele kwamba tunaonewa, kwamba wageni hawapendi kutuona tukishinda. Vijana waliniitikia, nikajiona shujaa. Wiki ya tatu nikamgeuka. Nilipanda kwenye kiti nikaing'oa ile picha kwa mkono, ikachanika kwenye goti. Ukutani pakabaki mraba mweupe, maana moshi wa taa ulikuwa umepaka ukuta wote isipokuwa nyuma ya picha. Ndani ya wiki tatu nilitoa hukumu mbili zinazopingana, na zote mbili sikuwa na ushahidi wowote zaidi ya mapigo ya moyo wangu.

Shuleni mtoto mmoja akaniuliza kwa nia njema kabisa: "Mwalimu, ile hadithi ya Haki Huchelewa bado ipo?" Nikamwambia afungue kitabu, ukurasa wa 40.

Sasa tumefika kwenye kile nilichokuitia.

Juni mwaka huo tulikuwa na mbio za kuchagua timu ya shule. Kulikuwa na msichana wa darasa la saba. Sitamtaja jina. Mkimya, mwembamba, anakimbia miguu mitupu. Mita 1500 alizoea kumaliza wa nne au wa tano. Muhula wa kwanza nilimpima dakika 5 na sekunde 52. Siku ile alitoka mbele, akabaki mbele, akafika peke yake. Nikaangalia saa ya kupimia. Dakika 5 na sekunde 31. Sekunde 21 zimekatika ndani ya miezi mitatu.

Alinijia akihema, anacheka, anangoja niseme. Wenzake wamemzunguka. Na mimi, mwalimu wake, nikamtazama kwa jicho la askari wa kizuizini nikasema: "Umekunywa nini wewe?"

Watoto wakacheka. Walidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Nami sikuishia hapo, maana mwalimu hakosi methali. Nikasema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nikaandika muda wake kwenye daftari langu, na pembeni nikaweka alama ya kuuliza. Alikuwa amesimama karibu. Aliiona.

Jumatatu hakuja mazoezini. Jumanne hakuja. Timu ilikwenda kwenye mashindano bila yeye. Unajua nilijiambia nini? Nilijiambia, unaona, ana la kuficha. Ndivyo shaka inavyojilisha yenyewe, mwanangu. Mtoto akija, ni mwongo. Asipokuja, ni mwoga. Unamjengea nyumba isiyo na mlango, halafu unamlaumu kwa nini hatoki.

Alimaliza darasa la nane mwaka uliofuata bila kukimbia tena hata siku ya michezo ya wazazi. Baada ya mtihani nilikwenda kwao kupeleka karatasi fulani. Mama yake akanitolea kiti nje, akaniletea chai. Karibu na mlango palikuwa na bomba. Nikalisifu, ili tu pawe na mazungumzo. Mama akasema: "Hilo lilikuja Aprili mwaka jana, mwalimu. Kabla ya hapo huyu alikuwa anaamka saa kumi ya usiku kwenda mtoni, mitungi miwili, ndipo ajiandae kwenda shule. Bomba lilipokuja akaanza kulala mpaka saa kumi na mbili. Mwili ukanawiri, hata mbio zikaongezeka. Sijui ni kwa nini aliziacha."

Chai ilinikwama kooni. Nilikuwa nimemuuliza mtoto amekunywa nini. Jibu lilikuwa pale mlangoni, linadondoka tone moja moja. Maji ya bomba, na saa 2 za usingizi.

Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya mama yake, kwa kuwa nilikuwa nimemkosea mbele ya watu. Alitazama vidole vya miguu yake akasema: "Ni sawa, mwalimu." Mwanangu, nimefundisha watoto zaidi ya miaka 30. Naijua "ni sawa" ambayo si sawa.

Hesabu nawe. Sindano ile iliniibia shujaa mmoja. Hilo lilinipata, sikulitenda. Lakini mtoto yule nilimpoteza mimi mwenyewe, kwa ulimi wangu, saa tatu asubuhi, nikiwa nimeshiba. Mdanganyifu huvunja dirisha moja. Sisi kwa hasira tunakwenda kuvunja yaliyobaki, halafu tunasema nyumba ina baridi.

Methali ile sikuiacha kwa sababu ni mbaya. Niliiacha kwa sababu niliitumia mahali pasipo pake. Samaki huozeshana kwa kuwa wamekwisha kufa na wako kwenye kikapu kimoja. Watoto si samaki. Kila mmoja huamka na mguu wake, na uamuzi wake, na sababu zake ambazo hujaziuliza. Pengine kwao wamewekewa bomba.

Ndiyo maana nakuomba ukae mbali na neno "wote". Linapendeza kwa sababu linapumzisha. Ukisha kusema wote ni wezi, huhitaji tena kutazama, wala kuuliza, wala kuumia. Lakini kuna mtu unamkanyaga.

Nikupe mfano wa mtu huyo. Aprili 2014 Rita Jeptoo wetu alishinda marathoni ya Boston, nasi tukashangilia. Zawadi ya mshindi ilikuwa dola 150,000. Baadaye mwaka huo akakutwa na EPO, na Oktoba 2016 mahakama ya michezo ikamvua ushindi ule. Nyuma yake siku ile alikuwa Mhabeshi, Buzunesh Deba, aliyefika kwa saa 2, dakika 19 na sekunde 59. Kumbe mshindi wa Boston alikuwa yeye, na kumbe muda wake ndio ulikuwa rekodi ya mbio zile. Lakini utepe ulishakatwa na mwingine. Umati ulishakwenda nyumbani. Pesa alizostahili alizingoja miaka mingi, hata 2024 mpenzi mmoja wa mbio, mtu baki kabisa, akatoa dola 75,000 mfukoni mwake akampa.

Tazama tofauti. Kuna aliyesikia habari za udanganyifu akasema, basi riadha imekwisha. Na kuna aliyesikia habari hizo hizo akauliza: aliyekuwa wa pili ni nani, na anadai kiasi gani? Huyo wa pili ndiye ninayetamani uwe. Ukisema wote ni wezi, Deba anaibiwa mara ya pili, na safari hii mwizi ni wewe.

Sikuambii uamini kila mtu. Nilishafanya hivyo, nikaishia kuhama bucha. Uliza. Kuuliza si dhambi. Lakini uliza mapema, wakati mambo bado ni matamu, maana swali la wakati wa furaha huwa na adabu kuliko swali la wakati wa hasira. Na uangalie unavyouliza. Siku ile ningemwambia yule msichana "Umefanyaje?" angenieleza habari ya bomba, tungecheka, na labda leo tungekuwa na mkimbiaji. Mimi nikasema "Umekunywa nini?" Ni maswali mawili mafupi. Moja linafungua mlango, jingine linaufunga kwa komeo.

Na pale ambapo huwezi kujua mwenyewe, subiri wanaopima wapime. Wanachelewa, ndiyo. Sampuli ya Beijing ilisubiri miezi, na ya Kiprop ilichukua mwaka na zaidi kufika kwenye hukumu. Kusubiri kunachosha. Lakini mimi niliyekataa kusubiri nilikosea upande huu na upande ule ndani ya wiki tatu.

Lingine ni la kwako wewe, kwa sababu nakuona unatoka alfajiri na viatu vyako. Hakuna atakayekuja kukwambia, njoo tudanganye. Atakuja mtu mpole, pengine anayekusaidia nauli. Atasema ni vitamini tu. Atasema wenzako wote wanatumia. Unaona? Na yeye analo neno hilo hilo "wote". Atakuja siku ambayo karo imekwama na ng'ombe ameuzwa. Kwa hiyo usiwadharau walioanguka. Hujui siku yao ilikuwaje. Ila siku hiyo ikikufikia, kumbuka chupa ya chai yenye barafu. Kumbuka dawa ile ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Iten iko mita 2400 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mwili wa aliyekulia huku hujifunza wenyewe kuongeza damu. Mlima unatoa kidogo kidogo. Kipokee kidogo hicho. Ukishindwa kwa damu yako mwenyewe, utarudi nyumbani umeshindwa mbio tu.

Unataka kujua mambo yaliishaje? Nilirudi kwa rafiki yangu wa bucha. Nilisimama mlangoni kama mtoto aliyepotea. Alinitazama, akakata nusu kilo, akaongeza mfupa wa supu juu yake, hakusema neno. Ule mraba mweupe wa ukutani ulinitazama karibu mwaka mzima. Siku moja nimerudi kutoka shambani nikakuta mama yako ametundika pale picha ya harusi. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba sebuleni ndiko wageni wanakokaa.

Na yule msichana? Sasa ni mtu mzima, ana kazi mjini. Unajua kwamba hata baada ya kustaafu, Jumamosi huwa nakwenda kiwanjani na saa yangu, nawapima watoto wanaotaka kupimwa. Mwezi uliopita nilimwona amesimama mbali, karibu na ua. Alikuwa ameshika mkono wa mdogo wake wa kiume, kama miaka kumi hivi. Walikaa kule muda mrefu. Kisha wakaja.

"Mwalimu," akasema, "mpime huyu."

Sikusema neno. Nilimwonyesha mtoto pa kuanzia, nikainua mkono, nikaushusha. Alikimbia vibaya, mabega juu, anageuka kumtafuta dada yake. Katika mzunguko wa pili akamsahau dada yake, akaanza kukimbia kweli. Alipofika nilimwonyesha saa ausome muda mwenyewe. Dada yake naye akachungulia juu ya bega lake.

Nikauliza, "Umefanyaje?"

Akaanza kunieleza, na alieleza kwa urefu: mbwa wa jirani anayemkimbiza, njia ya mkato ya mtoni, rafiki anayeshindana naye mpaka dukani. Nilisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikafungua daftari nikaandika muda wake, na dada yake anatazama kalamu yangu. Pembeni sikuandika kitu.